Nyundo ya Upepo

Wayua alipata wazo kubwa la maisha yake akiwa amepanua mdomo.

Ilikuwa mwezi wa pili mwaka wa 2000, katika kliniki moja ya meno mjini Kajiado. Gego lake la juu lilikuwa limemnyima raha tangu Krismasi, na siku hiyo mumewe Maundu alifunga karakana yake ya friji kule Kitengela makusudi ili amfikishe kwa daktari mwenyewe, maana mara mbili alimwacha aende peke yake, na mara zote mbili safari iliishia sokoni. Daktari, dada mmoja mpole aitwaye Ruth, alimdunga sindano ya ganzi, akangoja nusu ya uso ilale, kisha akaingiza kinywani kijichombo chenye sauti ya mbu aliyekasirika.

Mgonjwa mwingine angefumba macho. Wayua aliyatoa pima. Hakuwa akiangalia chombo bali mkono wa daktari, na mkono wenyewe ulikuwa umetulia tuli. Kazi yote ilifanywa na chombo. Mkono ulikionyesha njia tu.

Hapo akasahau jino. Kwa miaka ishirini na miwili Wayua alikuwa ameishi kwa kuandika majina ya watu juu ya vitu vigumu: makombe ya michezo, pete za arusi, saa za wazee waliostaafu, bangili za fedha za akina mama wa Kisomali. Alitumia tindo, kijichuma kigumu chenye ncha, chembamba kama kalamu, akikigonga kwa nyuma na nyundo isiyozidi kidole gumba. Herufi nyembamba kama I ilitaka mapigo mia. Herufi yenye maringo kama S ilitaka mia mbili, na ilikuwa tayari kukuharibikia kwenye pigo la mwisho. Sasa kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimevimba, na wakati mwingine kijiko cha chai kilimponyoka mbele ya wageni.

Alinyoosha kidole. Daktari Ruth akasimamisha chombo.

"Unasikia uchungu, mama?"

"Hapana. Hiyo kitu inaendeshwa na nini?"

"Upepo. Kuna kompresa huko nje, inasukuma upepo kwa huu mrija, halafu upepo unazungusha ncha."

"Na ya kugonga iko? Si ya kuzunguka. Ya kugonga."

Daktari alimtazama kwa makini, kisha akachungulia kadi yake kana kwamba huenda jibu limeandikwa pale. "Mama," akasema taratibu, "hakuna mtu hutaka kugongwa jino."

Maundu alikuwa akingoja kwenye benchi nje, redio yake ndogo sikioni. Alikuwa mtu wa redio. Akitengeneza friji redio inasema, akila redio inasema, na alijua kila kitu ambacho redio inajua: miji mikuu ya Afrika, bei ya pareto, na Kiswahili sanifu ambacho hakuna mtu Kitengela aliyemwomba akijue. Alipomwona mkewe akitoka, akainuka.

"Amekuumiza, Mama Mukai?"

"Nataka uheho," akasema Wayua. Midomo ilikuwa imekataa kukutana.

"Uhehe?" Maundu akafikiri. "Uhehe iko Tanzania, upande wa Iringa. Huko utaenda kufanya nini na shavu kama hilo?"

Wayua alirudia mara tatu, na mara tatu Maundu akamrudisha Iringa. Mwishowe akaokota kijiti, akachuchumaa na kuandika mavumbini: UPEPO. Akafuatisha mchoro, mchoro ukafuatiwa na mwingine, na Maundu naye akachuchumaa kuona. Watu waliokuwa wakipita walidhani wale wawili wamepoteza sarafu.

*

Nyumbani walianza na vikorokoro vya karakana. Kutoka kwenye bomba bovu la bafu Maundu alikata kipande cha shaba, mrija mfupi unaojaa kiganjani vizuri. Ndani yake waliingiza pistoni waliyoikata kwenye mguu wa vali ya injini ya lori, wakaisugua kwa msasa siku mbili mpaka ikawa inateleza bila kukwama wala kuchezacheza. Mbele yake wakaweka springi ya biro, na mbele ya springi, tindo. Mpango ulikuwa rahisi: upepo utasukuma pistoni, pistoni itagonga tindo kwa nyuma, springi itairudisha pistoni, na mambo yaendelee hivyo. Upepo ungetoka kwenye pampu ya baiskeli.

Maundu akapiga pampu. Kile kifaa kikasema *to*, kikanyamaza.

"Imegonga mara moja," Maundu akatangaza. "Wewe unahitaji mara ngapi?"

"Elfu mbili."

"Basi imebaki elfu moja mia tisa tisini na tisa."

Alipiga pampu kwa nguvu zaidi. Safari hii tindo ilifyatuka, ikapita karibu na sikio la Wayua, ikapenya kalenda ya ukutani na kusimama kwenye mbao za nyuma yake, ikitetemeka. Maundu akaenda kuichunguza kalenda.

"Imetoboa tarehe saba Aprili," akasema. "Hiyo siku hatutoki nyumbani."

Walijaribu springi kubwa, wakajaribu springi ndogo, wakapaka mafuta, wakafuta mafuta. Mara zote *to*, kisha kimya. Maundu alirudi kwa friji zake bila kulaumu mtu, jambo ambalo lilimuudhi Wayua kuliko lawama yenyewe.

Jibu lilikuja Jumapili, kwenye jiko. Wayua alikuwa amebandika muthokoi, na unavyojua mahindi yale hayaivi kwa kubembelezwa, kwa hiyo moto ulikuwa mkali na mfuniko wa sufuria ukaanza kucheza. Ta-ta-ta-ta-ta. Wayua alinyoosha mkono autoe, mkono ukabaki hewani. Mvuke ulikuwa ukiuinua mfuniko. Ukishauinua, unapata upenyo na kutoroka. Ukitoroka, mfuniko unaanguka, na mvuke mwingine unafika. Hakuna aliyekuwa akiugonga ule mfuniko. Ulikuwa unajigonga wenyewe kwa sababu mvuke ulikuwa na pa kutokea.

"Baba Mukai," akaita. "Sisi tumeingiza upepo ndani ya nyumba ambayo haina mlango wa nyuma."

Walitoboa kitundu ubavuni mwa mrija, kidogo tu, mahali ambapo pistoni ingekifungua ikishafika mbele. Muthokoi uliungua chini. Maundu alipopiga pampu, kifaa kililia *trrrrr* kama kigong'ota kwenye mti mkavu. Wayua aliigusisha ncha kwenye kipande cha bati, na mstari ukajichora, mweupe, laini, bila nyundo. Mkono wake haukufanya chochote isipokuwa kwenda.

Alichora mstari mwingine, halafu mwingine, mpaka Maundu akahema na kuachilia pampu.

"Inafanya," akasema Maundu akijifuta jasho. "Lakini mimi siwezi kuwa upepo wako. Niko na kazi."

*

Hapo ndipo alipoingia Naeku.

Naeku aliuza maziwa, na kila asubuhi alipitia kwenye karakana ndogo ya Wayua, hapo nyumbani, na mitungi yake. Alikuwa mama wa Kimaasai mwenye mwili wa kutosha, mwili aliokuwa akijivunia, na sauti iliyofika dukani kabla yake. Asubuhi hiyo alimkuta Wayua amelaza sakafuni tyubu ya tairi ya trekta, imejazwa pomoni, mrija umetoka kwenye vali yake hadi kwenye kifaa cha shaba.

"Takwenya, Mama," Wayua akamsalimu.

"Iko," Naeku akaitikia. "Hiyo ni kitanda?"

"Ni upepo. Nikiifungua inatoka haraka mwanzo, halafu inalegea. Nataka kitu kizito juu yake, isukume sawasawa." Wayua akamtazama, akatazama tyubu, akatazama pembeni. Alikuwa mtu wa adabu.

Naeku alicheka mpaka mitungi ikagongana. Kisha akakalia tyubu, akapanga shuka zake, na kuomba chai. Wayua akafungua upepo. Kwa dakika nne nzima kifaa kiliimba kwa sauti moja, na katika dakika hizo nne bangili iliyokuwa imekaa mezani wiki nzima ikapata jina lake. Naeku aliposogea kuchukua sukari, herufi ya mwisho ilipata tumbo.

Ikawa ndiyo desturi. Naeku alikuja kila asubuhi kwa muda wa wiki tatu, akakaa, akanywa chai, akasimulia habari za ng'ombe na za wakwe. Asipokuwepo, mteja mwenyewe alikalia. Bwana harusi mmoja mwembamba alikaa, pete yake haikuandikika, ikabidi amwite na best man. Watu walianza kupita kwa Wayua hata kama hawana cha kuandikwa, kwa sababu kukalia upepo kulikuwa kunachekesha, na Kitengela ya wakati ule haikuwa na mambo mengi ya kuchekesha siku za wiki.

Lakini kazi haiendeshwi na makalio ya watu. Wayua alijua kinachotakiwa: kompresa ya friji, ile chupa nyeusi ya chuma inayonguruma nyuma, iliyozoea kusukuma gesi na isiyojali ikisukuma upepo. Karakana ya Maundu ilikuwa na kumi.

"Hapana," Maundu akasema. "Hizo ni za watu. Friji ya mtu ni kama mtoto wa bweni. Ukimrudisha hana figo, mzazi atauliza."

Wayua hakubishana. Siku mbili baadaye Maundu alirudi kula chakula cha mchana, akafungua friji yao atoe maji baridi, akakuta shuka zimekunjwa vizuri na kupangwa kwenye rafu.

"Friji iko na shuka," akasema.

"Iko na nafasi sana."

Maundu akainama, akachungulia nyuma. "Na moyo wake uko wapi?"

"Uko kazini."

Alikaa. Alikula ugali wake wote, na Wayua akala wake. Alipomaliza akasukuma sahani.

"Ulikata mrija wa gesi?"

"Nilikata."

"Bila kuniita?"

"Ningekuita ungekataa."

"Ningekataa," akakubali. Akatazama mlango wa karakana ndogo ya mkewe. "Na yale mafuta ya ndani, uliyaangalia?"

"Mafuta gani?"

Maundu akainuka, akavua koti. "Wacha twende," akasema, na siku hiyo friji za watu zilingoja.

Walipata mtungi mzito wa kuzimia moto kwa wauza vyuma chakavu, Maundu akaupima kwanza kwa kuujaza maji na kuusukuma mpaka akaridhika kwamba hauvuji wala haufuri. Kompresa ikajaza mtungi, mtungi ukatulia na kutoa upepo wa sauti moja, na katikati wakaweka chupa ya jemu yenye pamba ndani ya kunasa matone ya mafuta, kwa maana siku ya kwanza kifaa kilitema mafuta kwenye kola ya pasta mmoja aliyekuja kuandikisha kalamu. Chini ya meza Maundu akafunga kanyagio la cherehani. Ukikanyaga kidogo, kifaa kinanong'ona. Ukikanyaga sana, kinakata chuma kama siagi.

Naeku alikuja, akaona mtungi mahali pa tyubu. Alikunywa chai yake kwenye kiti.

*

Ilipofika mwaka wa 2001, Khadra, aliyekuwa na duka la vitambaa upande wa pili wa barabara, aliamua kudhamini shindano la akina mama la kuvuta kamba. Wauza maziwa wa Kitengela wangevutana na wafanyakazi wa mashamba ya maua ya Isinya, siku ya Madaraka. Khadra alinunua kombe zuri Nairobi, limesimama kama jogoo, akalileta kwa Wayua zikiwa zimebaki siku mbili.

"Walaal, dada yangu, andika kubwa," akasema. "Mtu aione kutoka mbali. Mshindi, halafu chini yake Kuvuta Kamba, Kitengela, na mwaka."

Wayua alikaa asubuhi iliyofuata na kukanyaga kanyagio. Mkono haukuuma. Herufi zilitoka moja baada ya nyingine, zenye kingo kali na tumbo linalong'aa, na alikuwa akiimba wimbo wa kwaya bila kujua. Hakuwa amefurahia kazi yake hivyo tangu ujana. Alimaliza neno la kwanza kabla chai haijapoa, akaliweka kombe dirishani ili lipigwe na jua.

Naeku alipita, akaliona, akalisifu. Fundi viatu wa jirani akalisifu. Khadra mwenyewe akaja, akalizungusha na kusema wallahi hata Nairobi hawaandiki hivi. Kisha Maundu akaingia, redio mkononi, akalitazama kwa muda. Akapunguza sauti ya redio. Wayua hakuwahi kumwona akifanya hivyo isipokuwa mazishini.

"Mama Mukai," akasema, "umeandika *mshinde*."

Wayua akaangalia. M, S, H, I, N, D, na mwisho, nzuri kuliko zote, E.

"Kwani haiko sawa?" Khadra akauliza. "Si ni kitu moja?"

"Mshindi ndiye ameshinda," Maundu akasema. "Mshinde ndiye ameshindwa. Ni Kiswahili sanifu."

Wayua alihisi masikio yakimwaka. Kwa nyundo hakuwahi kukosea herufi katika miaka ishirini na miwili. Kwa nyundo herufi ilichukua muda mrefu hata kosa lilipata nafasi ya kubisha hodi. Ukiligonga pigo la tano unaliona, unaligeuza. Sasa mkono wake ulikuwa umepewa mbio, na kichwa kilikuwa nyuma kikiimba kwaya.

Kuisugua E isingewezekana. Alikuwa ameikata kwa kina, kwa raha, na kuifuta kungeacha bonde. Khadra alikaa kwenye kiti na kuweka mkono shavuni. Shindano lilikuwa kesho, na hapakuwa na kombe lingine.

"Watu wengi hawatajua," Khadra akasema bila matumaini. "Hata mimi sikujua."

"Mimi najua," akasema Wayua. "Itakaa kwa kabati ya watu miaka ishirini ikiwatukana."

Alilichukua kombe akalisoma kwa sauti, kama mtu anayemwita mtu. Mshinde. Mshinde. Mara ya tatu ilitoka tofauti, na yeye mwenyewe akashtuka kusikia, kwa maana ndivyo mama yake alivyozoea kuwaambia yeye na kaka zake walipokwenda mashindano ya kwaya: nendeni, mshinde.

"Baba Mukai. Nikiwaambia watu, nendeni mkashinde. Nataka mshinde. Hiyo ni sanifu?"

"Hiyo ni sanifu," Maundu akasema polepole.

Wayua hakungoja. Alikaa, akakanyaga, na bila kuimba chochote akaongeza neno moja baada ya lile la kwanza, akiisoma kila herufi kabla ya kuigusa na tena baada ya kuikata. MSHINDE TENA. Khadra alisoma, akatabasamu, akasema hiyo ni dua kabisa, na dua ni bora kuliko cheo.

*

Uwanja ulijaa siku hiyo. Wauza maziwa walimweka Naeku mwisho wa kamba, akajizungushia kiunoni na kusimama kama kisiki, na kwa dakika nzima Isinya hawakupata hata inchi. Lakini akina mama wa maua walikuwa wamezoea kubeba ndoo za maji kutwa nzima, na walikuwa na Kavutha, kiongozi wao, aliyehesabu kwa Kikamba kwa sauti ya kukata. Walivuta kwa pamoja, wakapumzika kwa pamoja. Mara ya tatu wauza maziwa walikwenda mbele mzimamzima, Naeku akiwa wa mwisho, visigino vikichora mitaro miwili ardhini.

Khadra alimkabidhi Kavutha kombe. Kavutha akalisoma kwa sauti: "Mshinde tena." Isinya wakapiga vigelegele.

Naeku alikuja moja kwa moja hadi alipokuwa Wayua, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Mama Mukai. Mimi nimekalia hiyo mpira yako wiki tatu. Leo unaombea Isinya washinde tena?"

"Niliandika kabla sijajua nani atashinda."

"Ungengoja."

"Hiyo ni hali ya kutakia mema," Maundu akaanza kueleza, "inamhusu yeyote atakaye..." Naeku alimgeukia na kumtazama, na Maundu akakumbuka kwamba kuna mtu alitaka kumsalimia upande wa pili wa uwanja.

Wayua na Maundu walikunywa chai ya rangi siku tisa, maana maziwa hayakuja. Siku ya kumi Wayua alichoka, akaenda mwenyewe kwa Naeku, akamkuta akisuuza mitungi, akachukua mmoja bila kuomba ruhusa. Aliurudisha jioni. Ubavuni, kwa herufi za kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara, ulikuwa umeandikwa: ISINYA, NGOJENI. Naeku aliupokea, akausoma, akapitisha kidole kwenye kila herufi. Kesho yake alileta maziwa, na tangu hapo aliubeba mtungi ule upande wa nje, maandishi yakiwatazama watu.

Habari zilifika mbali kuliko mtungi. Mwezi wa nane alikuja mzee mmoja kutoka Kajiado, jina lake Munguti, fundi wa kuandika majina kwenye saa na vyetezo vya kanisa. Hakuwa na kazi ya kuleta. Alisimama mlangoni, akauliza kama ni kweli, na Wayua alipomnyooshea mkono aliona vidole vyake vilivyopinda, vile vya mtu aliyegonga nyundo maisha yake yote. Akamkalisha mezani, akamwonyesha kanyagio.

Mzee alichora mstari mmoja. Kisha akaandika jina, polepole, lenye mikia na mikunjo ya kizamani ambayo Wayua hakuwahi kuiweza. Alipomaliza aliishika ile shaba kiganjani, akaigeuza.

"Hii mnatengeneza siku ngapi?" akauliza.

Waliitengeneza kwa siku nne, Wayua na Maundu, na kwa vile walikuwa wamejifunza, kifaa cha pili kilitoka bora kuliko cha kwanza: chepesi, hakina mtetemo mkononi, na kitundu chake kiko mahali penyewe hasa. Wayua alikijaribu kwenye bati. Akakijaribu tena. Munguti alipokuja kuchukua, alikuta kifaa kimefungwa kwa karatasi, akashukuru mpaka machozi yakamlengalenga, akaondoka nacho kifuani.

"Umempa gani?" Maundu akauliza.

"Ile ya kwanza," akasema Wayua, na akakanyaga kanyagio ili asisikie lingine.